Nimealikwa sauna ya kuni kijijini Ufini, na kuna tundu la barafu ziwani. Mliopitia nisaidieni

BintiPangani

Habari zenu humu, wakubwa shikamooni. Niende moja kwa moja. Niko Ufini mwaka wa kwanza huu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku upande wa Kuopio, sasa kuna mama mmoja tunaingia naye zamu kanialika jumamosi hii kwao kijijini, kanyumba ka mbao pembeni ya ziwa, wenyewe wanaita mökki. Mi nikajua naenda kula na kupiga stori kumbe ratiba yenyewe ni sauna, kile chumba cha joto kali cha kutoa jasho. Tena siyo hii ya umeme iliyopo chini ya jengo letu ambayo nimeshaingia mara mbili nikatoka na dakika tano zangu, hii ni ya kuni kabisa, anasema mumewe anaanza kuwasha moto asubuhi ili jioni iwe imeiva. Asubuhi mpaka jioni, yaani kama wanapika makande.

Hapo bado sina neno. Kimbembe kikaja alipotoa simu akanionyesha picha, ziwa limeganda lote jeupe af kwenye barafu pamekatwa tundu la mraba maji meusi yanaonekana, kuna na ngazi ya mbao ya kushukia, akaniambia tukitoka sauna tunaingia hapa, anatabasamu kama vile ananionyesha keki ya mjukuu wake. Nje wiki hii ni nyuzi 14 chini ya sifuri!

Sasa yanayoninyima usingizi. Mavazi kwanza, mi ni Muislamu na nasikia hawa wanaingia uchi wa mnyama, nikivaa nitaonekana nimewadharau au vipi. Halafu nimesuka rasta juzi tu, nywele za bandia, je zitayeyuka na hilo joto? Na hilo tundu jamani, kuna mtu wa kwetu amewahi kuingia akatoka mzima? Mwili unafanyaje? Na nikikataa inakuwaje, maana huyu mama ni mwema sana kwangu sitaki kumvunja moyo. Naomba wajibu waliopitia, wa kusikia kwa watu nyamazeni kwanza.

MzeeWaNyungu

Marahaba mwanangu. Umesema wa kusikia tunyamaze ila mi sauna nimepiga sana hapa hapa Dar mwaka 2020, blanketi juu ya kichwa sufuria ya mwarobaini na mchaichai katikati ya miguu, jasho mpaka kwenye kope. Kinachoniuma ni kwamba mwaka huohuo 2020 UNESCO wakaitia sauna ya hao Wafini kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni, nyungu yetu sisi ikaishia kuchekwa mitandaoni.

La barafu silijui. Hapo nakaa pembeni nawasubiri wenyewe.

MtotoWaMwanza

Dada karibu Ufini. Mi niko Tampere mwaka wa tisa sasa, ziwa nimezaliwa nalo ila ziwa la kutembea juu yake na gari nilikuwa sijaliona.

Nianze na la kukataa maana ndo rahisi. Unasema "ei kiitos", yaani hapana asante, imeisha hiyo. Hakuna atakayekubembeleza mara ya pili, hawa watu kumlazimisha mgeni kwao ni aibu, si kama sisi ukikataa ugali kikao kinakaa kujua nani kakukosea. Na wenyewe wengi tu hawaingii kwenye barafu, wanatoka na taulo wanakaa kibarazani wanafuka mvuke kama mahindi ya kuchemsha halafu wanarudi ndani.

Nguo nayo usiwaze. Watu wasio wa familia moja huwa wanaingia kwa zamu, wanawake peke yao wanaume peke yao, kwa hiyo utakuwa na huyo mama na labda mama yake au binti zake. Ukijifunga khanga hakuna atakayekuuliza. Kwenye mabwawa ya kuogelea ya mjini ndo utakuta tangazo linakataza nguo ya kuogelea ndani ya sauna, ni mambo ya usafi, huko ni kwingine. Kwa mtu nyumbani unamwambia mapema tu "mimi nitavaa", anajibu neno moja, sawa.

Ila nimeshtuka na hilo la kuwasha asubuhi. Sauna ya kuni ya kawaida saa moja na nusu au mawili imeshaiva. Ikiwashwa asubuhi hiyo itakuwa savusauna, yaani ya moshi, na kama ni hiyo umebahatika, mi mwenyewe nimeingia mara tatu tu. Ile haina bomba la moshi. Moto unawaka masaa, moshi unazunguka humohumo, kuta zote nyeusi tii kama jiko la bibi kijijini, mpaka mawe yamejaa joto la kutosha usiku mzima. Baadaye moto unaachwa ufe, moshi unatolewa, wanamwaga maji ya kwanza kwenye mawe kufukuza ile hewa ya sumu, ileile inayoua watu wakilala na jiko la mkaa ndani, halafu inaachwa itulie ndo watu wanaingia. Kwa hiyo hata ukisikia baridi vipi usitangulie kuingia, subiri mwenye nyumba aseme tayari. Na usiegemee ukuta. Na khanga yako nzuri iache kabatini chukua ya zamani.

Ndani sasa. Unaoga kwanza. Unapewa kitaulo kidogo cha kukalia, hiyo ndo adabu kubwa kuliko zote, usikalie mbao mwili mtupu. Kuna vichanja vya mbao vimepanda kama ngazi, joto lote liko juu, wewe kaa cha chini. Jiko lina rundo la mawe meusi mazito, mtu anachota maji kwa kata kwenye ndoo ya mbao anamwagia mawe, tssss, halafu kimya. Sekunde mbili tatu hakuna kitu, unajiuliza ndo hii tu? Hapo ndo linakushukia kutoka darini, mabega kwanza halafu masikio, kama umefunikwa shuka limetoka kupigwa pasi. Hilo joto la mvuke wanaliita löyly, na zamani neno hilohilo lilikuwa na maana ya roho au pumzi. Masikio yakiwaka inamisha kichwa, funika kwa viganja, pumua taratibu. Kipimajoto kikisoma 80 usitishike hewa yenyewe ni kavu, si kama nyungu ya mzee hapo juu. Hereni mkufu pete vua vyote, mi nilisahau cheni siku ya kwanza ikanichora shingo.

Wanaweza kukupiga na matawi pia, usigombane nao hahaha, ni fungu la matawi ya koivu, ule mti wa gamba jeupe, yanakatwa wakati wa kiangazi yanawekwa friza. Wanaita vihta. Unajipiga nalo mgongoni damu inachangamka, harufu yake nzuri sana.

Mwisho kuna soseji za kuchoma na haradali. Nyingi zina nguruwe so hilo nalo mwambie kabla.

BintiPangani

Jamani MtotoWaMwanza Mungu akubariki. Nimemuuliza kwa meseji ndo kweli savusauna, akaweka na kialama cha moyo. Wa nywele wako wapi?

SusiWaOulu

Nimefika. Mimi ni Mkenya niko Oulu na wikendi nasuka watu, so hii maneno ya nywele niachieni.

Haziyeyuki. Fikiria tu, si ukimaliza kusuka ncha tunazichovya kwa maji yanachemka ndio zikae? Hayo ni mia, sauna yenyewe ni themanini na kitu, nywele haioni kitu. Kitu huwezi fanya ni kuacha rasta iguse mawe ama chuma ya jiko, hapo itashika kama plastiki, kwa sababu ni plastiki. Shida ni zingine. Kama umeweka zile pete za bati kwa rasta toa zote, zitakuchoma kichwa. Kama ni wigi ya gundi usijaribu, nimeona lesi ya mtu ikitembea hadi kwa nyusi na alikuwa amekaa hapo ananyamaza tu hataki kusema. Na ngozi ya kichwa inapata joto mbaya kabla ya mwili mwingine, so chukua kitambaa cha pamba, lowesha maji baridi, kamua, funga zote juu kwa kichwa.

Halafu usichovye kichwa kwa hiyo avanto, hilo tundu ndio linaitwa hivyo. Mara ya kwanza mimi nilichovya. Nikatoka nikasimama nje kidogo tu napiga picha, kugeuza shingo nikasikia kitu inagonga ko ko ko, ni rasta zangu zimeganda kila moja imekuwa kijiti. Zikiwa hivyo usizikunje utazivunja, rudi ndani zilainike zenyewe. Siku hizi naingia na kofia ya sufi kichwani, hata wao wanafanya hivyo sio kichekesho.

Mafuta ya mwili jipake baada, sio kabla. Ngozi yetu hiyo baridi ikishika ukiwa hujapaka utakuwa mweupe kama unga.

TabibuMbeya

Dada umesema waliopitia tu, mimi sauna ya kuni sijaiona kwa macho, lakini mwili wa binadamu ndo kazi yangu kwa hiyo nivumilie.

Maji ya chini ya barafu yanacheza karibu na sifuri. Ukiingia, kabla hata hujafikiri, mwili unavuta pumzi moja kubwa ya ghafla, huwezi kuizuia, halafu unaanza kuhema mbiombio, moyo unakimbia na presha inapanda. Hiyo hali inachukua dakika moja hivi au zaidi kidogo, kisha inalegea. Hatari yake kubwa ni hiyo pumzi ya kwanza ikukute mdomo uko ndani ya maji. Ndo maana hakuna kuruka na hakuna kuzamisha kichwa. Unashuka ngazi hatua kwa hatua mikono haiachii, na unapoingia TOA pumzi, usivute, toa ndefu kama unapuliza chai. Vidole navyo vinakufa ganzi haraka, kwa hiyo usiachie ngazi eti uogelee kidogo. Nusu dakika inatosha mgeni.

Mwenye presha isiyodhibitiwa, moyo, kifafa, pumu inayoamshwa na baridi, mjamzito, hao wazungumze na daktari kwanza, waache kujipima wenyewe na watu waliozaliwa humo. Pombe hapana. Peke yako hapana. Na ukiwa kwenye kichanja usinyanyuke ghafla, mishipa imetanuka kwa joto utaona kizunguzungu, kaa kwanza miguu chini ndo usimame.

Mtu atakuletea ule utafiti wa hukohuko Kuopio wa mwaka 2015, waliwafuatilia wanaume 2,315 kwa miaka kama ishirini wakakuta wanaoingia sauna mara nne mpaka saba kwa wiki vifo vya ghafla vya moyo vilikuwa vichache kuliko wa mara moja. Ni kweli upo. Ila ni sauna ule, si tundu la barafu, na ni wanaume wa Kifini wa makamo waliokua na hiyo kitu toka utotoni. Binti wa Pangani mwaka wa kwanza hayumo kwenye lile jedwali.

KijanaWaKahama

Daktari kamaliza, mi naongeza ujinga wangu ili usirudie. Mwaka wangu wa pili huku jamaa watatu wa kazini walinialika, mi nikajisemea leo siwezi kuaibisha bara zima, nikapanda kichanja cha juu kabisa nikakaa. Wenyewe wamekaa kimya wanaangalia mawe. Mi kwa akili zangu nikaona kimya kile ni mashindano nani atatoka kwanza, nikachukua kata nikamwaga, nikamwaga tena, ya tatu mmoja akashuka akatoka, nikaona Yanga moja Simba sifuri. Kumbe mwenzangu alikuwa ameenda kunywa maji tu!! Kuja kusimama taa zikazima, naona nyotanyota, wamenishika kwapani kunitoa nje kama bibi harusi.

Na bado sikukoma. Baada ya kutulia nikakimbia nikaruka kwenye tundu miguu mbele. Sauti niliyotoa siijui ilitoka kwa nani. Nikatoka kwa kudandia bomba la chuma pembeni na mkono umelowa, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, mkono ukanata palepale, ikabidi waniletee maji ya uvuguvugu wammwagie ndugu yao taratibu, ngozi ya kidole ilibaki kidogo pale na nadhani ipo mpaka leo. Kwa hiyo angalia mbao iko wapi shika mbao, na vaa ndala au soksi za raba, nyayo nazo zinanata vilevile.

Wenyewe walikuwa na mashindano ya dunia ya kukaa sauna pale Heinola, nyuzi 110, mwaka 2010 mshindani mmoja akafia fainali na mashindano yakafutwa kabisa. Nilikuja kusikia hiyo stori baadaye sana, ningeisikia kabla ningekaa cha chini na watoto.

MjiMkongwe

Asalaam aleikum. MzeeWaNyungu usijidharau, mtaa wa Hamamni hapa Unguja umepata jina kwenye hamamu, bafu la maji moto, aliyoijenga Sultani Sayyid Barghash, na Kidichi kuna nyingine ya zamani zaidi ya babake Sayyid Said, kamjengea mkewe wa Kiajemi. Watu wa pwani maji moto na mvuke tunavijua siku nyingi. Tulichokosa ni hiyo barafu, na sioni hasara.

SusiWaOulu

@MjiMkongwe hahaha kuja Oulu mwezi wa pili nikuonyeshe hasara.

BintiPangani

Nimerudi wapendwa. Niko mzima, na vidole vyote kumi ninavyo, KijanaWaKahama pole na chako.

Tulifika saa tisa, mzee yuko nje anachungulia mlango wa kibanda cheusi kinafuka kila upande kama tanuri la mkaa. Ningepita hapo bila kujua ningeita zimamoto. Akatuambia bado. Tukanywa kahawa. Bado. Tukala supu ya samaki, bado, jua likazama ndo akaingia peke yake na ndoo, nikasikia tsss moja, akatoka akaacha mlango wazi, baada ya muda akasema kwa mkewe neno moja tu na akaondoka zake, tukaenda wanawake watatu, mimi, yeye na mama yake mzazi wa miaka 78 anayetembelea fimbo mbili.

Ndani giza, taa ya mafuta moja dirishani. Harufu ya moshi lakini haiwashi macho, kama samaki wa kubanika wa kwetu wakishapoa. Nilikaa cha chini na khanga yangu na kitambaa kichwani. Joto lake ni tofauti na la umeme hata sijui niseme vipi, lile la kwenye jengo letu linachoma, hili linakukumbatia. Bibi alipanda cha juu na fimbo zake akaziacha mlangoni. Hakuna anayeongea. Nilikuwa nishaonywa kwa hiyo sikuhangaika kutafuta stori, nikasikiliza mawe. Nikaona nionyeshe ujuzi nikasema vihta, wakacheka wote wawili, kumbe huku mashariki wanaita vasta na kusema vihta ni lugha ya huko magharibi kwenu MtotoWaMwanza, umeniponza.

Halafu bibi akanyoosha kidole kwenye khanga yangu akauliza maandishi yanasema nini. Jamani sikuwa nimeangalia nimebeba ipi, nilichukua ya zamani tu kama mlivyoniambia. Imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Sasa itafsiri hiyo kwa Kifini cha mwaka mmoja mbele ya bibi wa miaka 78. Nikajitahidi, nikasema kitu kama "sipati lakini bado nataka". Bibi kimya. Akamwangalia bintiye. Halafu akacheka mpaka kata ikamponyoka ikagonga ndoo, akawa analirudia lile neno "bado nataka", anajipiga goti.

Tundu sasa. Kutoka mlangoni mpaka ziwani ni kama hatua thelathini, njia imefagiliwa theluji na wameweka mkeka. Cha ajabu baridi sikuisikia kabisa, mwili ulikuwa unafuka moshi wenyewe. Mama akashuka wa kwanza, akakaa kama yuko bafuni kwake, akatoka. Zamu yangu. Nimevaa soksi za raba alizoniazima na kofia ya sufi. Nikashika ngazi (mbao, niliangalia), mguu wa kwanza nikasema bismillah, mguu wa pili nikasahau lugha zote. Sikuona baridi, niliona kama nachomwa sindano elfu kwa pamoja kuanzia kifundo hadi kiunoni. Nikakumbuka TabibuMbeya, puliza chai puliza chai, nikapuliza, nilipofika kifuani ile pumzi ikanipiga, hhhhp, kweli huizuii. Nikahesabu mpaka kumi na mbili. Nikapanda.

Na hapo juu ndo sikutegemea. Nimesimama kwenye barafu usiku nyuzi 14 chini ya sifuri na khanga imelowa chapa chapa, nasikia JOTO. Ngozi yote inawaka kwa ndani, kama umepakwa tangawizi. Nikasimama nikacheka peke yangu, mpaka mama akanivuta mkono turudi kwa sababu khanga ilikuwa imeanza kuganda pindo likawa gumu kama boksi. Rasta ziko salama. Nikaingia tena mara ya pili, ishirini na moja. Mara ya tatu nikasema ei kiitos na kweli hakuna aliyenibembeleza.

Usiku nililala kama mtoto aliyenyonya. Soseji walinitafutia za kuku. Nimeshaalikwa tena sikukuu yao ya Juhannus mwezi wa sita, barafu itakuwa imeyeyuka, wanasema hapo adui ni mbu.

MzeeWaNyungu

Hongera mwanangu. Khanga imetakata?

BintiPangani

Nimeifua mara tatu babu. Inanukia samaki wa kubanika, na mgongoni kuna doa la masizi, niliegemea ukuta.

MtotoWaMwanza

Nilikwambia.